Kinga Iliyogoma na Vipuri Vipya

Sisi ni familia ya Nakivale, tunakaa karibu na Base Camp. Mwezi huu tunapenda kuongea juu ya baiskeli, ile sisi wa Kivu tunaita kinga, kwa sababu nyumba nyingi humu zinakula kwa baiskeli.

Kwetu kinga ni kama shamba la pili. Asubuhi inabeba samaki toka ziwani, jioni inabeba bido za maji. Ngege wakichelewa juani, bei inaanguka kabla hujafungua kikapu. Kwa hiyo habu ya nyuma ilipoanza kuyumba, tulikaa kikao cha nyumbani tukakubaliana: pesa ya samaki ya wiki mbili inunue ekseli mpya, koni mbili na gololi. Madaftari ya watoto yangoje.

Baba akafunga vyote. Gurudumu likiwa mkononi lilizunguka vizuri kabisa. Lakini lilipoingia kwenye fremu na nati kukazwa, likagoma. Unalisukuma, linaenda nusu mzunguko, linasimama. Jirani mwenye roho nzuri akasema, "Pandeni tu, litazoea." Mwingine akaleta nyundo. Mama akakataa yote mawili. Akasema humo ndani kuna madaftari ya watoto, hayapigwi nyundo.

Mama alikuwa na haki. Chuma kinachobana hakizoei, kinalika. Gololi zinachimba vishimo kwenye koni, na koni ikishachimbika hakuna grisi ya kuiponya. Unarudi sokoni kununua nyingine.

Basi tukafungua tena, tukachunguza kimoja kimoja. Kwanza tulihesabu gololi. Habu ya nyuma ya baiskeli nyingi inachukua 9 kila upande, zile za robo inchi. Ukishindilia ya 10, zinasukumana. Ukichanganya mpya na za zamani zilizolika, mzigo wote unabebwa na zile kubwa. Zetu zilikuwa sawa. Pili, tuliviringisha ekseli juu ya kioo. Iliyopinda inaonyesha mwanga chini yake, unapanda na kushuka. Yetu ilikuwa imenyooka.

Binti yetu wa darasa la tano ndiye aliyeona ugonjwa. Kwenye kifuniko cha vumbi, upande wa mnyororo, kulikuwa na alama nyembamba inang'aa, upande mmoja tu. Chuma hakifichi: panaposuguana panang'aa. Kumbe kifuniko kilikuwa kimebonyea siku nyingi, lakini koni ya zamani ilikuwa nyembamba, ilipita bila kugusa. Koni mpya ina bega nene. Tulikitoa kifuniko, tukakinyoosha polepole juu ya jiwe bapa. Ile nyundo ya jirani nayo ikapata kazi yake.

Tulipofunga tena, bado lilibana kidogo. Hapo fundi mmoja wa sokoni, aliyetuazima spana nyembamba, akatuonyesha jambo ambalo wengi hawalijui. Nati ya kufungia ikikazwa, inasukuma koni ndani. Kwa hiyo kaza koni kwa vidole mpaka iguse gololi, kisha irudishe nyuma kidogo sana. Halafu spana nyembamba ishike koni isizunguke, na spana ya pili ikaze nati. Kabla ya kuvalisha mnyororo, pima: shika ukingo wa gurudumu ulitikise, lisicheze. Liinue na ulizungushe taratibu. Linapokaribia kusimama, uzito wa vali tu unatosha kulirudisha chini. Hapo limekubali.

Kesho yake samaki walifika sokoni mapema, wakauzwa wote. Baada ya siku chache madaftari nayo yakanunuliwa.

Ndugu zetu, kipuri kipya kikibana, msikilazimishe na msikitupe. Fungueni, hesabuni, tafuteni panapong'aa, na mwache nafasi ndogo ya kuzungukia. Na watoto waitwe wakae karibu wakati wa kazi. Macho yao yanaona vitu ambavyo yetu yanapita.

Mwenye ujuzi wa cherehani au redio naye atuandikie katika ukurasa huu, tusaidiane.