Mchunga Viboko: Juu ya Kuunda Wahusika wa Mwanzo katika Mchezo wa Hadithi

Kila mwaka wanachuo wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha huja na lalamiko moja: watoto walipewa mchezo wa kuigiza, wakacheka dakika tano, wakasukumana dakika tano, kengele ikalia. Tukiuliza mchezo ulianzaje, hujibu kwamba waliwaambia watoto, "Wewe uwe mfalme, wewe uwe mwizi, haya igizeni." Mwanachuo huyo hakuunda wahusika, aligawa kofia. Katika kurasa hizi tunapenda kueleza jinsi tulivyojifunza, kwa kukosea kwanza, kazi ya kumtengeneza mhusika kabla hadithi yake haijaanza kutembea.

Mchezo tutakaousema hatukuubuni sisi. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uchezwao mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Mmoja huwa msimulizi. Wengine kila mmoja humshika mhusika wake na kusema anatenda nini, na penye shaka kama atafaulu, dadu hukata shauri. Hadithi haiishi siku moja. Huendelea juma baada ya juma, na mhusika hukua nayo. Mtu aliyelelewa kwa ngano hatauona mchezo huu kuwa mgeni sana. Bibi akisema "Paukwa" nasi tukaitikia "Pakawa", tulikwisha kuingia. Tofauti ni kwamba hapa mwitikiaji ana ruhusa ya kuigeuza hadithi.

Tuliuanza na wanachuo 6 na watoto 24 wa darasa la tano la shule jirani hapa Ifakara, kila Alhamisi baada ya vipindi, chini ya mwembe. Kila mwanachuo alisimulia kwa watoto wanne. Dadu tuliziazima katika michezo ya ludo. Nchi ya hadithi tuliichukua bondeni humu humu: milima ya Udzungwa upande mmoja, Mto Kilombero na mbuga zake zifurikazo masika, na reli ya TAZARA tukaifanya joka la chuma lisilolala.

Safari ya kwanza tuliwaachia watoto wajichagulie. Kundi moja likapata wafalme wawili, jemadari na jini. Msimulizi akawafikisha ukingoni mwa mto, penye mtumbwi mmoja na kasia moja. Nani atapiga kasia? Hakuna aliyekubali, maana mfalme hapigi kasia, na jini alisema yeye ataruka peke yake. Alhamisi ya pili walikuwa bado ukingoni. Ya tatu hawakuja.

Tulikuwa tumesahau jambo ambalo masimulizi yetu wenyewe yanalijua. Fumo Liyongo alikuwa na nguvu za kuwashinda watu wote, lakini msikilizaji anayemsikia kwa mara ya kwanza huketi vizuri pale anapoambiwa kwamba sindano ya shaba ikimchoma kitovuni atakufa. Hata mchezo wa Wamarekani huanza na watu dhaifu. Katika kitabu chao cha kwanza, dadu tatu hurushwa kwa kila moja ya sifa sita za mhusika, na alichopata ndicho alichopewa. Sisi sifa tulizifanya nne: nguvu, wepesi, maarifa na ulimi, yaani uwezo wa kusema na kusikilizwa.

Hapa tuseme kidogo kwa ajili ya walimu wa hisabati. Dadu tatu zina namna 216 za kuanguka. Jumla ya 3 hupatikana kwa namna moja tu, na ya 18 vilevile; lakini 10 ina namna 27, na 11 ina namna 27. Basi robo ya mitupo yote, kwa wastani, huangukia 10 au 11. Tuliwapa watoto kazi ya kuorodhesha namna hizo ubaoni, na hatukumbuki siku nyingine walipoomba kipindi kisiishe.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, tena tulilifanya kwa kufuata kanuni. Sote tumefundishwa kumtoa mtoto kwenye yanayojulikana kumpeleka kwenye yasiyojulikana. Tukawaambia: mhusika wako awe mtu kama wewe, wa nyumbani kwenu, mwenye shida uijuayo. Wanachuo wakafurahi. Watoto wakaandika wavuvi, wauza vitumbua, wakulima wa mpunga. Kijana mmoja, mtoto wa wafugaji, aliandika mchungaji anayetafuta mahali pa kulisha ng'ombe wake.

Msomaji asiye wa huku hana budi kujua kwamba mbuga za Kilombero ziliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, na kwamba mwaka 2012 ilifanyika operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Wakulima wana maneno yao juu ya mambo hayo na wafugaji wana yao, na maneno hayo watoto huyasikia nyumbani wakati wa kula. Mhusika wa kijana yule alipofika kijijini katika hadithi, mwenzake, mkulima wa mpunga, akasema, "Tumfukuze na ng'ombe wake." Kundi zima likaangua kicheko. Sisi tuliokuwa tumesimama pembeni tulitabasamu, tukidhani kwamba huo ndio uigizaji. Kijana akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni. Alhamisi iliyofuata hakuja.

Tulichelewa kuelewa. Tulikuwa tumemweka mezani mtoto mwenyewe, wala si mhusika, kisha tukaruhusu dadu zirushwe juu yake. Mtu akivaa kinyago, fimbo hupiga kinyago. Sisi tulikuwa tumemnyima.

Tulimfuata darasani. Hatukumwita mbele ya wenzake, wala hatukumwomba aeleze. Tulimwuliza tu: kama ungepewa kuchunga mnyama ambaye hakuna duniani anayemchunga, ungechunga yupi?

Alifikiri. "Viboko, Mwalimu."

"Kwa nini viboko?"

"Hawamwogopi mtu."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mzee Chepechepe, mchunga viboko, mwenye nguvu 8, wepesi 6, maarifa 13 na ulimi 5. Tulimwuliza anakosa nini, akasema anakosa mahali ambapo viboko wake watakula majani usiku bila kupigiwa madebe. Shida ilikuwa ile ile. Ngozi tu ilikuwa nyingine. Tangu siku hiyo hatumwambii mtoto aandike mtu kama yeye. Tunamwacha achukue haja aijuayo, akaivike mtu asiyepata kuwapo.

Lakini mhusika wa peke yake hatoshi kuanzisha safari ya pamoja. Ndiyo sababu kila karatasi sasa, ambayo haizidi robo ya ukurasa, lazima iseme pia mhusika anadaiwa au anamdai nani katika kundi. Msichana mmoja, ambaye wazazi wake hulima ng'ambo ya mto, alikuwa ameunda Nyamvua, mlinzi akaaye dunguni akiamia mpunga unaong'aa gizani kama mbalamwezi. Wakapatana wenyewe: viboko wa Chepechepe walikula magunia matatu ya mpunga huo, na Nyamvua hatamwacha aende mbali mpaka alipwe. Kuanzia hapo wawili hao hawakuachana. Walipofika mtoni, Nyamvua alikamata kasia bila kuombwa, kwa kuwa mdaiwa wake alikuwa tayari amekaa ndani ya mtumbwi.

Neno moja zaidi la kazi. Katika bonde hili, mvua zikianza, jamaa nyingi huhamia mashambani hadi mavuno, na mahudhurio hupungua. Mwanachuo asipange azimio la kazi kana kwamba watoto wote watakuwapo. Mhusika aundwe akiwa na sababu ya kuondoka na ya kurudi, na karatasi yake iwe na mtu wa kuitunza.

Msichana wetu aliondoka mwezi wa pili. Tulitazamia kwamba angemwachia rafiki yake karatasi ya Nyamvua. Alimwachia mchunga viboko. Kwa miezi minne kijana yule aliwashika wote wawili, mdai na mdaiwa, akibadili sauti kila anapojibu. Nasi, tukiri, tulikuwa na hakika kwamba deni lile tungelikuta limefutwa.

Msichana aliporudi baada ya mavuno alikabidhiwa karatasi yake ikiwa imepakaa mafuta ya taa pembeni. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akatuletea. Penye magunia matatu palikuwa pamekatwa, pameandikwa manne.

Tulimtazama kijana.

"Walikula tena, Mwalimu," akasema.