Kofia ya Mkono na Bei Yake

Kila unapoingia Mfungo Sita, watu humiminika Lamu kwa ajili ya Maulidi yaliyoasisiwa na Habib Swaleh katika Msikiti wa Riyadha, mtaa wa Langoni. Mjadala wa Maulidi yenyewe una mahali pake, nami sitauingia hapa. Nataka kusema juu ya biashara ndogo ifanyikayo pembeni: zile meza zinazotandazwa uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, na katika vichochoro viendeavyo huko. Pana mikeka, pana makawa, pana halua. Na pana kofia.

Dadangu ni mshonaji kofia. Alifiwa na mumewe wanawe wakiwa wadogo, na sindano ndiyo iliyowasomesha. Mwaka huu nilikaa naye mezani siku tatu, mfano wa karani wake.

Wengi wetu, ndugu msomaji, twavaa kofia tangu utotoni na hatujapata kuuliza hushonwaje. Kofia ya mkono ina vipande viwili, duara la juu na ukanda uzungukao kichwa. Kitambaa cheupe cha pamba huwekwa tabaka mbili, kisha huchorwa nakshi kwa kalamu ya risasi. Kuchora ni elimu ya peke yake na wenye nayo si wengi, kwa hiyo aghalabu mshonaji hununua kipande kilichokwisha chorwa. Hapo ndipo kazi huanza: kutoboa vitundu kimoja baada ya kimoja, na kila kitundu kukizungushia uzi ukingoni hata kiwe imara. Vitundu hivyo si pambo tu, bali ndivyo vipitishavyo upepo katika joto letu hili. Kofia ya kadiri humchukua dadangu miezi miwili, na yenye nakshi nzito humfikisha minne. Wala mtu asidhani ni kazi ya wanawake pekee. Huko Lamu utamkuta mwanamume mzima barazani baada ya alasiri, ukanda wa kofia mkononi, naye akijibu hoja za wenziwe bila kuinua macho.

Tulipanga mezani kofia saba, bei yake shilingi 5,000 kila moja. Meza ya jirani ilikuwa na kofia za mashine kutoka ng'ambo, shilingi 300. Ukisimama mbali, nakshi ni ile ile. Mimi sioni ubaya wa kofia ya mashine. Mtoto wa madrasa anayeipoteza kila mwezi inamtosha. Ubaya ni kuiuza kwa jina la mwenziwe, na hilo nililisikia kwa masikio yangu siku ya pili, muuzaji akimwapia mgeni kwamba kofia ile imeshonwa na mamake. Sote twakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini, akamwuliza mwenye mali kwa nini asiiweke iliyolowa juu watu waione. Na mafakihi wamempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa. Lakini mgeni wa siku tatu atarudisha kwa nani, naye yumo ndani ya mashua arejea kwao?

Basi afadhali kujua kabla ya kutoa pesa. Igeuze kofia ndani nje. Ya mashine mara nyingi itakuonyesha nyuzi zilizoruka kutoka ua hadi ua, na vitundu vyote vimelingana kama vimepigwa muhuri. Ya mkono ndani yake hukaribia unadhifu wa nje, na ukitazama vyema utaona kitundu kimoja kimemzidi mwenziwe kidogo.

Siku hiyo hiyo alikuja kijana mmoja, mwenye adabu, amevaa kanzu nzuri. Aliichagua kofia, akaijaribu, akataka kutoa 2,000. Dadangu akamwambia bei ni 5,000, na kwa kuwa ni siku za Maulidi atampunguzia 300. Wakavutana. Mtu mmoja akamnong'oneza kijana kwamba bibi huyu ni mjane. Hapo akaivua kofia, akaiweka mezani, na juu yake akaweka zile 2,000. "Basi chukua tu, bibi, ni sadaka."

Dadangu akazirudisha. "Mwanangu, Mungu akulipe. Sadaka ipeleke msikitini, hapo hapo Riyadha wapo wenye kuihitaji. Mimi hapa nauza."

Kijana aliona haya, nami nilimwonea huruma, maana nia yake ilikuwa njema. Lakini hebu tupige hesabu. Katika hizo 5,000, kitambaa kilichochorwa pamoja na uzi vimekula 600. Zimebaki 4,400 kwa siku 60 za kukaza macho: hazifiki shilingi 75 kwa siku. Kushindana bei ni halali, hakuna aliyekataza, na soko lisilo na maneno halina ladha. Ila yuko mtu ambaye hatamwomba fundi wa simu apunguze hata shilingi, kisha akifika kwa mshonaji kofia anataka nusu, na akikataliwa humgeuza maskini wake. Tangu mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wageni husifu milango na kuta, nasi twaitikia kwa fahari. Nakshi ya kichwani twaitakia mia tatu.

Hadi jioni ya siku ya tatu zilikuwa zimeuzwa kofia nne. Tulipokuwa tukikunja kitambaa cha meza akaja mvuvi wa makamo, mtu wa Faza. Hakuuliza bei kwanza. Aliichukua kofia, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole ukingoni mwa vitundu kimya kimya.

"Kachora nani?" akauliza.

Dadangu akamtajia. Mvuvi akatikisa kichwa kwamba anamjua, akahesabu noti, zikatimia 5,000.

Mbili zilizobaki tulizirudisha nyumbani. Njiani dadangu aliniagiza nikifika Mombasa nimtafutie uzi mweupe mwembamba, kwani wa Lamu umepanda bei, na mchoraji amekwisha mletea vipande vitatu vipya.