Mashine ya Kaka Haiinuki

Wengi wetu tulio nje tuna kitu nyumbani tunachokilipia bila kukigusa. Kwa mwingine ni nyumba inayojengwa, kwa mwingine ni bodaboda ya mdogo wake. Kwetu sisi ni boti ya faiba ya kaka yangu, inayovusha abiria kati ya Mokowe na Lamu, na siku nyingine kwenda Faza na Kizingitini. Mashine yake ni ya nguvu farasi 75, ina zaidi ya miaka 20, na watu watatu waliimiliki kabla yake. Mimi ni muuguzi hapa Uingereza. Nilisoma diploma Kenya, nikamalizia digrii huku, na tangu mshahara wa kwanza nimekuwa nikichangia matengenezo ya mashine ile.

Mapema mwaka huu kaka alinipigia kuniambia kwamba mashine haiinuki. Kwa msomaji ambaye hajapanda boti hizi, mashine ya nyuma ina mota ndogo ya umeme inayosukuma mafuta kwenye mitungi, na mafuta hayo ndiyo yanayoiinua na kuishusha. Mafundi huuita mtambo huo trimu. Ukienda Faza unapita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa, pale ni kina cha kuogopa. Nahodha huinua mashine kidogo, propela isilime mchanga, akapita polepole. Asiyeweza kuinua hungoja maji yajae, na kungoja huko ni saa nyingi. Abiria wa kawaida atanung'unika tu. Lakini kaka huitwa usiku pia, kumleta Lamu hospitali mama aliyekwama na uchungu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi. Najua saa 4 za kungoja zina maana gani.

Pamoja na hayo, stata nayo ilikuwa ikizunguka kwa uvivu. Fundi alikwisha kutoa hukumu: mota ya trimu imekufa, stata iko njiani, zinunuliwe zote mbili. Bei yake ilikaribia kodi yangu ya mwezi. Kaka hakuomba. Alisema tu, "Nakuarifu, mdogo wangu." Aliye ughaibuni anaielewa lugha hiyo.

Sikukataa, na pesa pia sikutuma usiku ule. Nilimuuliza, "Ukibonyeza swichi, wasikia nini?"

"Nasikia tak. Basi."

Mlio huo ulinifurahisha. Nilikuwa nimekaa na kitabu cha mashine ile usiku kadhaa baada ya zamu, na mchoro wa nyaya ukishauzoea haukutishi kuliko mchoro wa mishipa ya damu. Swichi ya trimu haipeleki umeme mkubwa kwenye mota. Huamsha rilei, moja ya kupanda na moja ya kushuka, na rilei ndiyo inayofungua njia. Kusingesikika kitu, tungetafuta fyuzi, swichi au waya mwembamba uliokatika. Ingepanda ikakataa kushuka, tungejua mota ni nzima na ubovu uko upande mmoja wa rilei au swichi. Rilei zote mbili zikilia na mota isizunguke, basi ama mota imekufa kweli, ama haishibi umeme. Kwa macho huwezi kuzitofautisha hali hizi mbili. Ndiyo maana simlaumu fundi. Mgonjwa aliyezimia kwa kupungukiwa sukari na aliyezimia kwa sababu nyingine hulala sakafuni vilevile, mpaka umtoboe kidole.

Mita ya umeme ilinunuliwa Mombasa kwa bei ya kilo mbili za nyama. Jambo gumu lilikuwa ami, yaani fundi mwenyewe, aliyetengeneza mashine tangu enzi za marehemu baba. Kumwambia kupitia kaka kwamba binti aliye Uingereza ana mashaka kungekuwa utovu wa adabu. Nikampigia mwenyewe, nikamwamkia, nikauliza hali ya mgongo wake, kisha nikamwomba ashike zile ncha za mita kwa kuwa yeye ndiye anayejua kila waya ulipo. Akacheka: "Siku hizi hata sindano mwapiga kwa simu?" Lakini alikuja.

Kwanza betri, mashine ikiwa imelala: volti 12.6. Hiyo ni betri iliyojaa. Kaka akazungusha stata, betri ikashuka hadi 11 na kidogo. Ikiporomoka chini ya 9.6 hivi, ni ya kutiliwa shaka, na hii haikuwa hivyo. Basi umeme upo. Unapotelea wapi? Ami akaweka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha mashine, kaka akazungusha tena. Waya mzuri ungeonyesha chini ya nusu volti. Sisi tulipata volti 2. Kisha ncha ikahamia kwenye waya mweusi wa rilei za trimu, swichi ikabonyezwa: volti 5. Karibu nusu ya nguvu ya betri ilikuwa ikiishia njiani.

Nyaya zote mbili zilikutana kwenye bolti moja chini ya kofia ya mashine. Ami akatoa kwanza nyaya kwenye betri (mashine ikiwa imezimwa; kuing'oa betri mashine ikinguruma huweza kuunguza kifaa cha kuchaji), akaacha mvuke wa petroli utoke, ndipo akafungua. Pete ya waya mwembamba ilikuwa imeliwa ikabaki uzi. Waya mnene, alipouchana ganda, ulikuwa mweusi ndani kwa zaidi ya shubiri. Kwenye video ami alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Haya, daktari." Sikumsahihisha.

Nilituma pesa za waya mpya wa shaba iliyopakwa bati, pete, grisi na msasa, na za kumlipa ami siku yake nzima. Hilo la mwisho naliona muhimu kuliko waya. Fundi tunamlipa kwa kufunga kifaa kipya, kutafuta ubovu tunataka bure, kisha tunashangaa anapenda kubadilisha vifaa.

Mashine ilipanda mara ya kwanza, na stata ikaamka. Ila asubuhi yake kaka aliikuta imeshuka yenyewe, mahali alipoiacha juu. Umeme hapo hauhusiki. Ami alikagua ile skrubu ya kushushia kwa mkono, ikawa imekazwa sawasawa. Akainua mashine, akaifunga kwa kizuizi chake kabla ya kuingiza mkono, akapima mafuta ya trimu. Yalikuwa yamepungua, na mtungi mmoja una unyevu shingoni. Sili zimechoka. Mpaka zibadilishwe, kaka huiweka juu kwa kizuizi kila anapotia nanga.

Sili hizo ameziagiza Mombasa. Safari hii hakuniarifu. Aliniambia bei baada ya kuzilipia.