Moja Mara Tatu

Juu ya bahasha ya dawa huandikwa 1 x 3, na wengi hudhani kwamba maelezo yamekwisha hapo. Mgonjwa akifika nyumbani, alama ile humgeukia fumbo. Yuko anayemeza kidonge kila baada ya mlo, na kwa kuwa siku hiyo amekula mara moja, humeza kimoja tu. Yuko anayemeza Adhuhuri, Alasiri na Magharibi, vyote vitatu ndani ya saa sita, kisha usiku kucha hana dawa ya kutosha mwilini. Ikiwa ni dawa ya kuua vijidudu, pengo hilo huwa neema kwao. Ndiyo maana sisi wauguzi wa kliniki yetu hatutamki "kutwa mara tatu" likabaki peke yake. Tunasema: baada ya sala ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri, na unapopanda kitandani saa nne. Hapo saa nane nane hukaribia kutimia.

Majibu ya maabara yana ugumu wake. Neno "hasi" limewahi kumliza mtu asiye na ugonjwa, maana masikioni mwake hasi ni ubaya. Na wazee wetu wenye kisukari, Mwenyezi Mungu awahifadhi, hujinyima chai tamu siku mbili kabla ya kliniki ili kipimo cha kidole kitoke kizuri. Kipimo cha HbA1c hakihadaiki hivyo. Sukari hung'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo husimulia habari za miezi miwili au mitatu. Sisi huwaambia: jiko la kuni lisipowashwa siku mbili, masizi ukutani hayaondoki. Mzee mmoja alicheka, akasema, "Kumbe mmetuwekea mpelelezi, wanangu."

Lililo zito zaidi ni saumu. Mwezi wa Rajabu mama mmoja alitueleza kwa utulivu kwamba kila Ramadhani dawa zake za asubuhi na za jioni huzimeza pamoja wakati wa kufuturu, ili asibaki na deni. Dawa zile ni za kushusha sukari. Dozi mbili zikikutana, mtu aweza kuanguka katikati ya tarawehe. Hatukumkemea, kwani mgonjwa akikemewa huficha. Tulimrudisha kwa daktari, na wakati ulikuwa mwafaka, maana hushauriwa wiki 6 hadi 8 kabla ya kufunga. Akapangiwa dozi na nyakati upya. Tukamweleza kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 afungue papo hapo, hata ikiwa imebaki robo saa kuadhiniwa. Kisha tukamwomba aturudishie maelezo kwa maneno yake.

"Hii futari, hii daku," alisema akizigusa bahasha. "Na nikitetemeka, jasho likinitoka, nile tende, nisingoje adhana."

Akauliza kama anaweza kuja tena na mkwewe, kwa kuwa ndiye anayepika daku. Tukampa siku ya Jumatatu.