Risasi ya Asubuhi: Wafu wa 1968 na Wafu wa 1990

Kazi ya sanaa inaporudiwa, mhakiki huelekea kuuliza kama ya pili imeishinda ya kwanza. Swali hilo halifiki mbali. Lifaalo zaidi ni kuuliza mrudiaji aliona dosari gani katika kazi ya awali hata akataka kuirekebisha, na katika kuirekebisha alifuta nini.

Filamu ya Night of the Living Dead, iliyoongozwa na George A. Romero, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Pittsburgh, Marekani, mnamo Oktoba 1968. Mwaka wa 1990 Tom Savini aliiongoza upya, safari hii kwa rangi, akifuata mswada wa Romero mwenyewe. Kisa ni kile kile: watu saba wanajifungia katika nyumba ya shambani huku wafu waliofufuka wakiizingira ili wawale. Wafu hawa si misukule wa masimulizi ya Tanzania, ambao humtumikia mchawi aliyewachukua. Hawana bwana, na kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa ila walio hai.

Dosari iliyo wazi katika filamu ya kwanza ni Barbra. Baada ya ndugu yake kuuawa makaburini, anapigwa na bumbuazi na kubaki mzigo kwa wenzake, hadi ndugu yuyo huyo, akiwa mfu, anapomvuta nje. Barbara wa 1990 anajikaza, anashika bunduki, na kutambua jambo ambalo wanaume hawalioni kwa sababu ya mabishano yao: wafu ni wazito wa mwendo, na mtu mwepesi anaweza kuwapita kwa miguu. Marekebisho haya ni ya haki, na hakuna sababu ya kuyabeza.

Hata hivyo, mhusika mmoja hawezi kuinuliwa bila uzito wa kisa kuhama. Katika filamu ya 1968 uzito huo umemwangukia Ben, Mwamerika mweusi aliyeigizwa na Duane Jones. Mswada haukutaja rangi ya mhusika huyu, na hakuna anayeitamka katika filamu nzima. Ben anabishana na Harry Cooper, anayeshikilia kwamba usalama umo katika chumba cha chini ya nyumba. Anafikia hata kumpiga risasi. Mwishowe, kwa kinaya kikali, Ben anaokolewa na chumba kile kile. Asubuhi anachungulia dirishani. Raia wenye silaha, wakiongozwa na mkuu wa polisi, wanamdhania mfu na kumpiga risasi ya kichwa. Zinafuata picha mnato za mwili wake ukiburutwa kwa kulabu hadi kwenye kuni. Hadhira iliyokuwa imeshuhudia mauaji ya Martin Luther King mwezi wa Aprili mwaka huo haikuhitaji kufafanuliwa.

Katika toleo la 1990, Ben, aliyeigizwa na Tony Todd, anajeruhiwa kwa risasi za Cooper, anafia chini ya nyumba, na anatoka akiwa mfu kweli. Anayempiga risasi hakosei. Kisha Cooper anashuka kutoka darini akiwa hai, na Barbara anamuua kwa makusudi, akiwaambia wawindaji kwamba wamepata mwingine wa kuchoma. Mtazamaji, ambaye amemchukia Cooper tangu mwanzo, anaridhika.

Katika kuridhika huko ndiko hasara ilimo. Toleo la pili linawalaani wawindaji waziwazi, kwa kuwaonyesha wakiwatundika wafu mtini na kuwafanya shabaha ya mchezo. Lakini dhuluma kuu imekuwa kisasi, na kisasi kina mwenyewe na sababu yake. Risasi ya 1968 haikuwa na chuki iliyotamkwa wala majuto. Waliofyatua walidhani wanatenda wema, na hawakusogea karibu kumtazama waliyemuua. Barbara anajua alichofanya, na huenda dhamiri itamsuta. Wauaji wa Ben wa kwanza walikwenda zao bila kujua kwamba kulikuwa na kosa. Mtunzi aliyeirudia kazi yake alimpa mwanamke sauti aliyomnyima awali, lakini alimwondolea mtazamaji fadhaa ambayo ndiyo iliyoifanya kazi ya kwanza idumu.