Viatu vya Zamu ya Saa Kumi na Mbili

Wanaojiandaa kwenda kusomea uuguzi huwa wananiuliza watafute nini kwanza kabla staji haijaanza. Wanategemea niseme stetoskopu, au ile saa ya kubandika kifuani. Mimi nasema viatu. Wanacheka. Wengine wanadhani nataka kujionyesha, kwa kuwa kwetu kijana anayeongea sana habari ya viatu ni yule anayetaka kuonekana siku ya Jumapili.

Basi acha nieleze. Nimezaliwa Uvira, nyumbani ni Base Camp, na sasa nafanya kazi ya uuguzi Mbarara mjini. Zamu ya usiku inaanza saa mbili usiku, inaisha saa mbili asubuhi. Hayo ni masaa kumi na mawili, na mwenzako akichelewa kukupokea yanakuwa kumi na matatu. Sakafu ni sementi au terazo, kitu ambacho hakibonyei hata kidogo. Ukiwa mwanafunzi ndiyo mbaya zaidi, maana mwanafunzi ndiye miguu ya wodi. Damu ipelekwe maabara, wewe. Dawa ichukuliwe famasi, wewe. Mtungi wa oksijeni usukumwe, mgonjwa apelekwe kupigwa picha, wewe. Daktari akipita na wanafunzi wake kitanda kwa kitanda, hakuna anayekaa, na mzunguko huo unaweza kula asubuhi yote.

Sisi wakimbizi tuna nyongeza yetu ambayo haijaandikwa kwenye ratiba. Mgonjwa akiletwa na gari la wagonjwa kutoka Nakivale, haelewi Kinyankole, Kiingereza hana, na sista hajui Kiswahili wala Kinyarwanda. Utasikia tu sauti inaita: "Yule kijana wa Kongo yuko wapi?" Unaacha wodi ya wanaume, unateremka kwenye uzazi, mama anakueleza mambo ambayo hata mume wake hajayasikia, unatafsiri, unarudi juu. Baada ya nusu saa wanakuita tena, safari hii ni kwa watoto. Silalamiki, kazi ile naipenda. Lakini inafanyika kwa miguu.

Maumivu ya kiatu kibaya hayaji siku ya kwanza. Siku ya kwanza unachoka tu kama kila mtu. Yanakuja wiki ya tatu hivi, asubuhi, ukishuka kitandani: hatua ya kwanza kisigino kinachoma kama umekanyaga msumari, ukitembea kidogo kinatulia, kesho tena hivyo hivyo. Kuna utando mgumu chini ya wayo, umetoka kwenye kisigino mpaka kwenye vidole, ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Ukisimama muda mrefu kwenye kitu kigumu, siku baada ya siku, unaumia pale uliposhikana na mfupa wa kisigino. Kupona kunachukua miezi. Kunyoosha shavu la mguu kunasaidia, na kuviringisha chupa ya maji baridi chini ya wayo jioni kunasaidia, ila ukirudi kesho na kiatu kile kile ni kama kudeki sakafu huku bomba linavuja.

Wanaume tuna shida yetu ya pekee. Shule nyingi zinataka kiatu cheusi, cha kufunika, kisafi. Mwanaume akisikia hivyo anawaza kiatu cha ofisini: ngozi ngumu, soli ngumu, mdomo mrefu uliochongoka. Na sisi Wakongo, tusidanganyane, tumekulia kwenye nchi ya sapeurs. Papa Wemba alitufundisha nguo, na J.M. Weston ni jina wanalolitaja kwa heshima hata watu ambao hawajawahi kuzishika kwa mkono. Kiatu kwetu ni cheti cha mtu. Sikatai. Lakini kiatu kilichochongoka kimetengenezwa kwa ajili ya anayekutazama. Vidole vyako vinabanwa kama watu kwenye matatu ya kwenda Mbarara siku ya soko, na soli yake ya kuteleza ikikutana na sakafu iliyodekiwa sasa hivi, utakuwa mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Nina rafiki tuliyeanza staji naye, sitamtaja. Aliyelipia masomo yake alilipa ada, vitabu, sare mbili na nauli. Orodha ilikuwa nzuri kabisa, imepigwa mhuri. Viatu havikuwemo. Alikuja na viatu vya kuazima, namba 41, na yeye ni 43. Wiki ya pili vidole vikatoa malengelenge, yakapasuka, akaja wodini na sapatu. Msimamizi akamrudisha nyumbani siku ile ile, na kwa sheria alikuwa na haki: kuna sindano, kuna damu, huwezi kusimama pale vidole viko wazi. Rafiki yangu akakaa siku tisa akitafuta pesa ya viatu. Siku zile shule ilizihesabu kama utoro, akaambiwa arudie staji nzima na kundi la mwaka uliofuata. Mwaka mmoja, kwa ajili ya kitu ambacho sokoni kingepatikana kwa shilingi elfu arobaini na tano. Mpaka leo nikikumbuka hesabu ile nakasirika.

Mimi nilibahatika. Pale Base Camp kuna fundi viatu, mzee wa Kirundi, anakaa chini ya turubai na sindano yake na nyuzi za kutoa kwenye tairi. Kabla sijaenda mjini alinishikisha viatu kama kumi vya wateja wake akanifundisha kuvisoma. Alisema angalia kwanza vinapofia. Na kweli viatu vinafia mahali pale pale: pembeni ya kidole kidogo, na nyuma ya kisigino.

Kwa hiyo ukienda sokoni, nenda jioni, saa kumi au kumi na moja. Mguu unavimba mchana kutwa, na mguu wa jioni ndio utakaokuwa nao saa ya kumi ya zamu. Vaa soksi zile zile utakazofanyia kazi, na vaa viatu vyote viwili, maana kwa watu wengi mguu mmoja umeupita mwingine kidogo. Nunua kwa kuufuata ule mkubwa. Ukisimama, mbele ya kidole kirefu zaidi pabaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Namba usiiamini sana. Mitumba inatoka kila mahali: UK 9 na US 9 si kiatu kimoja, ile ya Marekani kwa wanaume huwa ni ndogo karibu kwa namba nzima, na kiatu kilichovaliwa na mtu mwingine kimeshafuata mguu wake. Mimi nilichora nyayo zangu kwenye kadibodi ya boksi la sabuni, nikazikata, nikawa naziingiza ndani ya kila kiatu. Kadibodi ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba, unakirudisha. Wauzaji walinicheka sana.

Halafu kikunje. Kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vinapoanzia, kama mguu wenyewe. Kikikunjika katikati, hakina mgongo. Kibonye nyuma ya kisigino kwa vidole viwili. Pakiingia ndani kwa urahisi kama kofia, mguu wako utakuwa unayumba usiku kucha. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma: kama kimeinama upande mmoja, aliyekivaa mwanzo alikuachia mwendo wake. Soli ya sponji ikwangue kwa ukucha. Kuna aina ya sponji ambayo ikikaa miaka stoo, unyevunyevu wa hewa unaila polepole. Kwa nje inang'aa kabisa, ukitembea wiki mbili inasagika kama mkate mkavu. Muuzaji hawezi kukuambia, mara nyingi hata yeye hajui.

"Yaya, hii ni orijino, angalia maandishi," ananiambia.

"Maandishi nimeona, ndugu yangu. Nipe dakika tano nitembee nayo."

"Tembea, lakini bei ni elfu sitini."

Nikatembea mpaka pale akina mama wanapomwaga maji ya kuoshea mboga, nikakanyaga pale palipolowa, nikarudi. Haikuteleza. Tulimalizana kwa elfu arobaini na mbili. Ilikuwa basketi nyeusi ya ngozi, nzito kidogo, mbaya ya sura. Binamu yangu alisema nimenunua viatu vya askari mstaafu.

Ngozi, au kitu laini kinachofutika kama ngozi, ndicho ninachoshauri. Basketi za kitambaa chenye matundu ya hewa ni nzuri sana kwa mpira na kwa safari, ila wodini kila kinachomwagika kinapita moja kwa moja mpaka kwenye soksi. Vile vile Crocs zenye matundu juu. Najua wengi wanazipenda, ni nyepesi, zinaoshwa na kukauka mara moja. Lakini sindano ikiponyoka mkononi inaweza kuja na ncha chini, na tundu ni tundu. Akichomwa mtu na sindano iliyotumika, anatakiwa kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ndani ya masaa 72, kadiri anavyowahi ndivyo bora, na anazimeza siku 28. Anayetaka viatu vya aina hiyo atafute visivyo na matundu juu na vinavyoshika kisigino.

Gambuti ni habari nyingine. Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, na tena Januari 2025 ilipotangazwa Kampala baada ya muuguzi wa Mulago kufariki, kila mtu alikumbuka gambuti, na ni sawa: zinafunika, zinaoshwa kwa maji ya klorini bila kuharibika. Lakini ni vifaa vya hatari, si viatu vya kushinda navyo. Mguu unachemka mle ndani, hauna kinachoushika, baada ya masaa machache unatembea kama bata.

Nikijaliwa pesa, napendelea jozi mbili za kupokezana kuliko jozi moja ya bei kali. Jasho la mguu halikauki kwa masaa machache, na kiatu chenye unyevu kinaleta fangasi na harufu ambayo wenzako hawatakuambia. Jaza magazeti ndani, kiweke kivulini penye upepo. Usikianike karibu na sigiri, gundi itaachia. Nikirudi Nakivale siku ya mapumziko, viatu vya wodi havisafiri. Vinabaki Mbarara ndani ya kaveera, kwa sababu ya vumbi la ile barabara na pia kwa sababu ya watoto wa dada yangu, wanaotambaa kwenye sakafu ninayokanyaga. Kwenye boda navaa sapatu kama kila mtu.

Ndugu zangu wa mashirika, hapa nawaomba mnisikilize kidogo. Elfu arobaini na tano ni pesa. Tangu Julai 2023 WFP ilipotugawa katika makundi matatu, kundi la tatu halipati chakula wala pesa ya chakula, na mnajua mambo yaliendelea kupungua baada ya hapo. Kijana aliyeko shule hawezi kuomba viatu mama yake anapopima unga kwa kikombe. Atanyamaza. Atavaa vya kuazima, na nyinyi mtasikia tu kwamba ameacha masomo, mtaandika sababu nyingine kwenye ripoti.

Na mkisema sawa, tutanunua viatu, tafadhali msinunue viatu. Nimeshaona shirika moja likileta jozi zinazofanana, zimepangwa kwa namba, watu wakapiga mstari, wakasaini, wakapiga picha. Mwezi haukuisha nyingi zilikuwa zinauzwa sokoni hapo hapo, watu wakaambiwa hawana shukrani. Hawakukosa shukrani. Mguu mpana hauingii kwenye kiatu chembamba hata namba ikilingana, na mwenye wayo bapa hahitaji kiatu cha mwenye upinde mrefu. Mpeni kijana pesa mkononi, kwenye simu ni rahisi, mseme hii ni ya viatu vya kazi, na mmpe wiki moja kabla staji haijaanza ili apate jioni mbili tatu za kuzunguka. Mkitaka risiti, mwenye mitumba hana risiti. Kubalini picha ya viatu viko miguuni.

Wanaoanza staji safari hii, mimi nina mapumziko Jumamosi. Nitakuwa Soko Kuu la Mbarara kuanzia saa kumi jioni, upande wa viatu vya wanaume. Anayetaka tuzunguke pamoja anitumie ujumbe. Njoo na soksi zako, na kadibodi ya nyayo zako uwe umeikata kabisa nyumbani, maana mkasi wangu mtu aliuazima, hajarudisha.