Injini Moja, Magari Mawili: Washkaji wa Kibongo Watunishiana Misuli Brands Hatch

Kabla hujaanza kubisha, jua kwanza hizi si mbio. Kule Uingereza kuna siku viwanja vya mbio vinafunguliwa kwa watu wa kawaida. Unalipa, unavaa helmeti, unaingia na gari lako, unalikanyaga. Hakuna kombe wala anayekuhesabia muda, na humpiti mtu mpaka akupe njia.

Sasa kuna washkaji wawili, watoto wa Temeke wanaobeba boksi huko Kent. Wote walinunua Mazda MX-5 za mtumba, kurwa na doto: injini ya lita 1.8, nguvu ya farasi 130 hivi, uzito karibu tani moja. Kagari ka watu wawili, paa la turubai. Mazda wanakatengeneza tangu 1989 na kufikia 2016 zilishatoka zaidi ya milioni moja, kwa hiyo spea zimejaa kila kona. Wa kwanza akabadilisha brekipadi, mafuta ya breki na tairi. Basi. Akaanza kula raha.

Mwenzake akaona haitoshi, akalichinja la kwake. Injini, giaboksi, difu, nyaya, vyote vikahamia kwenye fremu ya mabomba inayoitwa Exocet, gari la kuunga mwenyewe lililobuniwa makusudi litumie viungo vya MX-5. Halina milango. Halina paa. Likikamilika lina kilo 700 hivi. Piga hesabu: injini ile ile, mzigo pungufu kwa karibu kilo 300! Tena wepesi hauleti kasi tu. Breki hazichemki haraka, tairi haziliki ovyo, na kwenye kona unachelewa kushika breki bila kuogopa. Ugonjwa huu Waingereza wanao zamani. Lotus Seven ya 1957 iliuzwa vipande vipande, mteja anajiungia nyumbani, na hapo anakwepa kodi ya gari jipya. Wajanja.

Ila gari la kuunga halipati namba za barabarani mpaka lipite ukaguzi wa IVA, na pale hakuna cha "tuongee pembeni". La jamaa lilirudishwa mara ya kwanza, eti kingo za vyuma zina makali. Ukaongeza kodi ya gereji, spana, na zile bolti ambazo kila siku inapungua moja. Miezi 14 ikakatika. Mwenye Mazda alishaenda uwanjani mara sita. Huyu yuko chini ya gari anatafuta waya.

Na hela yenyewe ilikuwa ya kiwanja. Kigamboni. Mama yake alishakwenda kukikanyaga na kuchagua mahali pa kupanda mwembe. Kila Jumapili simu inaita: "Mwanangu, lile jambo letu limefikia wapi?" Anajibu, "Mama, kuna kitu kidogo namalizia." Kitu kidogo!

Siku ikafika, Brands Hatch. Kona ya kwanza, Paddock Hill, inateremka kama umetupwa bondeni. Mazda ikampa njia na Exocet ikapita kama haioni, ikapotea. Mwenye Mazda alikiri mwenyewe: hapo hakuna ubishi. Saa tano mvua ikamwagika. Mmoja akafunga paa, akawasha hita. Mwingine maji yakamfika kwenye soksi, na bado anacheka kama mtoto. Kwa mtu wa mshahara mmoja, la kiwandani linatosha na chenji inabaki. Lakini kicheko kile nacho hakiuzwi dukani.

Mchana simu ikaita. Video. Safari hii hakukwepa. Akaigeuza kamera, akamwonyesha mama kiwanja chake kilipokwenda. Mama akakaa kimya muda mrefu, akasogeza uso kwenye simu.

"Baba, hilo gari milango yake iko wapi?"